Somo: kofia ya kufuma ya mtoto anayezaliwa kipindi cha baridi

Jamani mnaosubiri mtoto kipindi cha baridi, au una mdogo wako au wifi yako mjamzito, anzeni na kofia msianze na sweta. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake ndo maana kikiwa wazi joto linapotea sana, halafu kofia inaisha haraka, sweta unaweza kukuta mtoto keshakua we bado uko kwenye mkono.

Uzi uwe laini wa unene wa kati, pamba au sufu inayokubali kufuliwa. Usugue shingoni kwako, ukikuwasha wewe yeye utamwasha zaidi. Wenye manyoya manyoya achana nao kabisa, yanang'oka yanamwingia puani na mdomoni. Sindano chukua za milimita 4.

Kwanza fuma kipande cha majaribio, vitanzi 30 hivi, uweke rula uhesabu. Sentimita 10 zikibeba vitanzi 22 uko sawa, vikizidi hamia sindano nene kidogo, vikipungua chukua nyembamba. Najua wengi hii hatua mnairuka na ndo inayoharibu kofia. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa kama sm 35, kofia inatakiwa iwe pungufu, sm 32 au 33, ili ivutike na kushika. Ukipata vitanzi 20 badala ya 22 kofia nzima inaongezeka sm 3 na zaidi, inamshukia machoni.

Haya tuanze:

1. Anzisha vitanzi 72, usivikaze, ukingo ukikaza unamwachia alama kwenye paji.

2. Fuma 2 kawaida (uzi ukiwa nyuma ya sindano), 2 kinyume (uzi ukiwa mbele), hivyo hivyo kila mstari mpaka ufike sm 3.

3. Sasa mstari mmoja wote kawaida, unaorudi wote kinyume, mpaka sm 10 kutoka chini.

4. Kupunguza: fuma 7, kisha viwili kwa pamoja, rudia mpaka mwisho, vinabaki 64. Mstari wa kurudi ni kinyume tu bila kupunguza. Unaofuata fuma 6 na viwili pamoja, kisha 5, kisha 4, unashuka hivyo mpaka vibaki 16. Rudi kinyume, halafu fuma viwili viwili vyote, vinabaki 8.

5. Kata uzi uache kama sm 40, upitishe kwenye vitanzi vyote 8 kwa sindano butu, vuta ukaze, shona ubavu mpaka chini. Ncha zifiche ndani ya mshono. Ifue kabla hajavaa.

Maswali yenu

Swali: Dada samahani, naweza weka kile kidude cha duara juu na kamba za kufunga chini ya kidevu?
Jibu: Hapana mpenzi. Kidude kikichomoka kinaweza kumkaba, na kamba inaweza kumzunguka shingo. Urembo utoe kwenye rangi, fuma mistari.

Swali: Usiku nimlaze nayo?
Jibu: Ndani ya nyumba mvue. Kichwani ndo anapotolea joto likizidi, na kofia ikiteleza inamfunika pua. Ni ya kutoka nje. Kama ni njiti fuata wanachosema manesi wake.

Swali: Mi sijui kufuma, nina cherehani na kitambaa cha flizi, inawezekana?
Jibu: Sana tu, ila kitambaa kikate upande unaovutika uzunguke kichwa, na ushone zigizaga, mshono ulionyooka ukivutwa uzi unakatika.

Swali: Wangu ana miezi mitatu, vitanzi vingapi?
Jibu: Mpime kwanza. Kichwa kikiwa karibu sm 40 anza na 80, panda mpaka sm 12 ndo upunguze, ukianza na fuma 8 na viwili pamoja.