Namna ya Kumhoji Mzee wa Mombasa Kuhusu Mwambao na Uhuru

Aliyekuwa kijana wa miaka 18 Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 sasa yuko kwenye umri wa miaka 80. Ukiwa na babu, bibi au jirani wa rika hilo, usingoje likizo ijayo. Nasomesha historia hapa Mombasa, na kila mwaka huwatuma wanafunzi wakae na wazee wawaulize habari za ukanda wa maili kumi, yaani mwambao wa Kenya uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Haya ndiyo ninayowaagiza.

Soma kwanza, kwa sababu mzee akiona hujui kitu atakupa hadithi ya kitoto akuage. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda huu kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, lakini nchi ikabaki yake. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, Pwani ilibaki himaya, yaani nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus. Mwaka 1961 kamishna Sir James Robertson aliletwa kusikiliza maoni kuhusu hatima ya ukanda huu, akashauri Pwani iunganishwe na Kenya. Kisha, tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakaandikiana barua, na siku tatu baadaye mkataba wa kuiunganisha Pwani na Kenya ukatiwa saini London.

Barua hizo usizipite mbio. Ndani yake Kenya iliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, kutambuliwa kwa hati za ardhi, watoto wa Kiislamu kusomeshwa Kiarabu, na maafisa Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi kadiri itakavyowezekana. Mahakama ya kadhi unayoiona leo ndani ya Katiba ya 2010 ina mizizi katika ahadi hizo. Nenda nazo zimechapishwa kwa herufi kubwa, kisha muulize mzee ni ipi iliyotimizwa kwake. Swali hilo hufungua mazungumzo marefu.

Nenda baada ya alasiri, na mtu wa nyumba ile akutangulie kukujulisha. Msalimie, jibu maswali yake: wewe wa nani, mamako katoka mtaa gani. Simu ya kurekodia iache mfukoni mpaka akuruhusu.

Usianze na "Ulitaka Mwambao au Kenya?" Watu wa Mwambao walitaka Pwani isiunganishwe na Kenya, na siasa ile ilitenganisha ndugu, na wengine hadi leo hawapendi kulitaja jambo hili mbele ya wageni. Anza na nyumba yake. Nani alifanya kazi bandarini? Liwali au mudiri, yaani mtawala wa mji au wa wilaya, alikuwa nani, na watu walimwendea kwa shida gani? Bendera nyekundu ilipoteremshwa, alikuwa wapi, na nyumbani walisema nini?

Halafu ingia kwenye ardhi, polepole. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai ayasajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Wamijikenda wengi hawakupata hati, na wajukuu wao wakaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, pale pale walipozikwa mababu zao. Kama kuna karatasi ya zamani sandukuni, omba uione. Usiipige picha bila ruhusa.

Mzee mmoja hatoshi, na hapa nasisitiza sana. Wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, atakueleza hofu ya kumezwa na bara. Wa Kisauni au Likoni huenda akakutajia Ronald Ngala na chama chake cha KADU, kilichodai serikali za majimbo. Aliyekulia kwenye nyumba za makuli, yaani wapagazi wa bandarini, atakumbuka mgomo wa 1955 wa bandarini, na huenda akawa alisimuliwa na babake mgomo mkubwa wa Januari 1947. Sikubali wale wa Mwambao waitwe vibaraka wa Sultani. Walikuwa wakitetea dini na mji wao. Wala sikubali waliowapinga waonekane wageni wenye tamaa. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907 tu, na mtu ambaye bibi yake alitumikishwa shambani alikuwa na haki ya kuiogopa bendera ile.

Mzee akichanganya tarehe, usimkatize. Andika alivyosema, tarehe sahihi iweke pembeni. Wengi huchanganya uhuru wa Zanzibar wa 10 Desemba 1963, wa Kenya wa tarehe 12, na mapinduzi ya Unguja ya 12 Januari 1964. Yalifuatana ndani ya kama mwezi mmoja tu. Muulize kama kuna jamaa zake waliokimbilia huku baada ya mapinduzi, na walilala kwa nani.

Ukimaliza, msomee uliyoandika, na akitaka jina au jambo litolewe, litoe. Nakala moja ya sauti waachie watu wa nyumba ile kwenye simu zao. Kabla hujaaga, muulize ni nani mwengine wa rika lake aliye hai, na akuombee ruhusa ya kumtembelea.