Kuhamisha daftari la maktaba ya shule kwenda Koha

Siku niliyokabidhiwa maktaba ya sekondari nilipewa na madaftari matatu ya kusajili vitabu, moja limeliwa na mchwa pembeni. Kama nawe una madaftari ya aina hiyo na unataka kuyaingiza kwenye kompyuta, usiiwashe kwanza. Shika kalamu nyekundu, simama mbele ya rafu, uhesabu. Kitabu kilichomo daftarini na rafuni hakipo, kipigie mstari. Mimi kazi hiyo ilinimalizia likizo ya Desemba, lakini iliniepusha kuandika mamia ya vitabu ambavyo wahitimu walishaondoka navyo zamani.

Programu ya kuendeshea maktaba tuliyochagua ni Koha. Ni ya bure. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua huko Nyuzilandi, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Inafungwa kwenye kompyuta moja yenye Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), nyingine zinaifikia kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani, hivyo hata bando likiisha wanafunzi wanaendelea kuazima. Kuifunga, tafuta kijana anayeijua Linux umwandalie chai. Kazi nzito inayobaki ni yako.

Nzito kuliko zote ni kutofautisha kitabu na nakala. Tulikuwa na nakala 40 za kitabu kimoja cha fizikia, nami nikazijaza kama vitabu 40. Mwanafunzi akitafuta, anaona jina lilelile ukurasa baada ya ukurasa, na mwalimu akiuliza zimebaki ngapi, sina jibu. Maelezo ya kitabu huandikwa mara moja tu: ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) kwenye uga wa 020, yaani sehemu ya kujazia yenye namba hiyo, mwandishi 100, jina la kitabu 245, mada 650. Nakala zinafuata chini yake, kwenye uga wa 952, kila moja na msimbopau (barcode) wake. Koha inakuruhusu kuongeza nakala nyingi kwa mkupuo mmoja. Nilipolijua hilo nilikuwa nimeshachapa mara 40. Kama nawe umeshaharibu, usifute: kuna kitufe cha kuunganisha rekodi, na nakala huhamia pamoja.

Halafu majina. Madaftari yetu yalikuwa na Shaaban Robert, Shabani Robert na Robert S. Kompyuta haijui Kiswahili wala fasihi. Kwake hao ni watu watatu. Amueni namna moja (sisi tunaandika Robert, Shaaban), iandikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani, na anayekuja kusaidia aisome kabla ya kugusa kibodi. Fanyeni hivyo hivyo kwa mada. Fasihi ya Kiswahili katika Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu rafuni, ni 896.392, mtu mmoja akiandika 896 tupu, vitabu vyake vitakaa mbali na wenzao.

Vitabu vya nje usivichape kwa mkono. Washa intaneti ya simu, tumia utafutaji wa Z39.50 (njia ya kuchukua rekodi kutoka maktaba nyingine), andika ISBN, na rekodi inakuja imejaa kutoka maktaba kubwa kama Library of Congress ya Marekani. Vitabu vingi vya Kiswahili nilivijaza mwenyewe, kimoja kimoja.

Kabla ya kuanza kuazimisha, ingiza likizo za shule kwenye kalenda ya Koha, la sivyo mtoto atadaiwa kurudisha kitabu siku ambayo geti limefungwa.

Nakala rudufu, yaani akiba ya data yote: Koha yetu inajitengenezea kila siku, ila inaiweka kwenye diski ileile. Umeme ulikatika ghafla Alhamisi moja, diski ikafa. Nilikuwa na flashi ya Ijumaa iliyopita, basi. Maazimo ya siku nne tuliyarudishia kutoka daftari dogo la kalamu ambalo kila mtu alikuwa akinicheka kwa kuendelea kuliandika. Bado liko mezani, na flashi inakwenda nyumbani nami kila jioni, ndani ya mkoba.