Somo: Kuteremsha boya mtoni Uingereza, kwa rochi na chabu

Somo hili ni la wenzetu walioko Uingereza ambao mto uko karibu na nyumbani, iwe Trent, Severn, Thames, Wye au Great Ouse, na wanataka kuvua kwa mshipi na boya badala ya kukaa wakingoja mzigo uliolala chini. Samaki tunaowalenga ni wawili. Rochi ni mweupe wa fedha, ana macho na mapezi mekundu, mdomo wake mdogo. Chabu ni mnene wa mviringo, mdomo mpana, magamba yake makubwa yana ukingo mweusi. Wote wawili ni ndugu wa kuyu na ningu wa Ziwa Victoria, kwa hiyo aliyekulia kanda ya ziwa akiwatazama mdomo hatawaona wageni sana.

Shikeni jambo moja, mengine yote yanatoka humo: maji ya juu ya mto hukimbia kuliko maji ya chini, kwa sababu ya chini yanasuguana na mawe na mchanga. Boya linaelea juu, chambo kiko chini. Ukiliachia boya liende litakavyo, linakikokota chambo kwa kasi ambayo hakuna funza mwingine anayekwenda nayo huko chini. Samaki anaona funza ishirini wanapita taratibu na mmoja anapita mbio. Huyo mmoja ndiye mwenye ndoano yako, naye anaachwa.

Karatasi kwanza

Mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya Environment Agency, idara ya mazingira ya England, hata kama ni mgeni wa wiki moja. Ya wa miaka 13 hadi 16 ni bure, lakini lazima ichukuliwe. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Leseni peke yake haikupi ruhusa ya kukaa ukingoni: sehemu kubwa ya kingo ina mwenyewe au kilabu, nayo inataka kibali chake, cha siku au cha mwaka. Mito yote ya England hufungwa kwa samaki hawa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, ili wazae. Msimu unafunguliwa 16 Juni.

Vifaa

Fimbo ya futi 13, yaani karibu mita 4, nyepesi, ya kuvulia kwa boya. Urefu huu una kazi: unauinua mshipi juu ya maji ili mkondo usiubebe. Fimbo ya futi 8 ya kuvulia baharini haitaweza, wala msijaribu.

Rili ya kawaida inatosha. Jaza mshipi hadi karibu kabisa na ukingo wa spuli. Ukipungua, unakwaruza ukingo kila unapotoka na boya linatetemeka. Mshipi mkuu uwe wa ratili 3 (mvuto unaohimili kabla ya kukatika), na kipande cha mwisho chenye ndoano kiwe cha ratili 2, ili ndoano ikinasa kwenye mzizi kikatike hicho na boya libaki. Ndoano namba 18 kwa funza mmoja, 16 kwa wawili, zisizo na kijino. Nunueni zilizokwisha fungwa. Kufunga ndoano ndogo isiyo na tundu kwa vidole vya baridi ni kupoteza asubuhi nzima.

Boya ni lile jembamba la kijiti, linaloshikwa kwenye mshipi kwa vipira vya silikoni juu na chini. Weka vipira vitatu, si viwili: kimoja chini ya ncha yenye rangi, kimoja katikati, kimoja mwishoni kabisa. Hicho cha mwisho kichomoze milimita chache kupita mwisho wa boya, mshipi hautajizungusha hapo unaporusha. Cha katikati ni cha akiba, siku kimoja kikipasuka.

Kuhusu uzito: punje za risasi kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35 zimepigwa marufuku tangu 1987, kwa sababu bata maji, yule mweupe mwenye shingo ndefu, walikuwa wakizimeza na kufa. Madukani mtapata punje za madini mengine zenye namba zilezile. Namba 4 ni gramu 0.2, namba 8 ni gramu 0.06.

Hatua ya 1: chagua njia ya boya

Usitafute maji mazuri kwa macho, tafuta mstari. Unataka mita 15 hadi 20 za maji yanayokwenda sawasawa, mwendo wa mtu anayetembea polepole, bila viputo vinavyopanda kwa nguvu. Mara nyingi mstari huo uko pale mkondo wa kasi unapokutana na maji yaliyopoa, urefu wa fimbo moja na nusu kutoka ukingoni. Kabla hujainua fimbo angalia juu: fimbo za kaboni hupitisha umeme, kaa mita 30 mbali na nyaya.

Hatua ya 2: pima kina

Chomeka chubwi ya kupimia kwenye ndoano, ishushe kwenye mstari wako. Boya likizama lote, lipandishe, likilala, lishushe, hadi ncha tu ionekane. Pima sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho wa njia. Ukikuta katikati kuna shimo la sentimita 20 zaidi, usilisahau, samaki hukaa humo.

Hatua ya 3: panga punje

Kanuni ya kuanzia: kwa kila futi moja ya kina, boya libebe punje moja ya namba 4. Maji ya mita 1.5 ni futi 5, basi boya la namba 4 tano, yaani gramu 1. Hapo tunatumia namba 4 nne na namba 8 tatu, zinapangwa kama vifungo vya shati. Kutoka kwenye ndoano: namba 8 kwenye sentimita 30, 50 na 70, namba 4 kwenye 90, 105, 120 na 135. Nyepesi ziko chini ili chambo kishuke kwa upole sehemu ya mwisho. Ncha ibaki juu ya maji milimita 3 hivi. Ikibaki sentimita nzima, rochi anaivuta, anahisi uzito, anatema, nawe hukuona chochote.

Bana punje kwa vidole au koleo laini, zisogee ukizisukuma. Zikibanwa kwa meno zinaudhuru mshipi, na jino pia.

Hatua ya 4: lisha kabla ya kurusha

Painti moja ya funza, zaidi kidogo ya nusu lita, inatosha asubuhi ya majira ya baridi. Wakati wa joto chukua mbili. Wapepete kwenye unga wa mahindi, ndio ule wetu wa ugali, unanyonya mafuta na unyevu na kuwafanya wakauke. Wengine huwatia kijiko cha manjano. Wahifadhi kwenye friji nyuzi 2 hadi 4. Joto likizidi wanavaa ganda la kahawia na kuwa kasta. Nao ni chambo kizuri, ila wale weusi zaidi huelea, hao watupe.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Rusha funza watano kwenye maji masafi ya ukingoni na uhesabu sekunde wanazochukua kuzama. Kisha angalia boya linakwenda mita ngapi kwa sekunde hizo. Tuseme funza anafika chini kwa sekunde 9, na maji yanakwenda mita 3 kwa sekunde 6: funza wako anatua mita 4.5 mbele, upande mkondo unakoelekea, kutoka ulipomtupa. Kama unawataka samaki wakusanyike mbele ya miguu yako, tupa juu ya mkondo kiasi hicho. Anayetupa mbele yake analisha samaki wa jirani.

Funza 15 hadi 20, kila unaporusha, bila kuruka hata mara moja. Fanya hivyo dakika 10 kabla ndoano haijaingia majini.

Hatua ya 5: teremsha na uzuie

Rusha kwa mkono wa chini, taratibu, na kabla boya halijagusa maji weka kidole kwenye spuli. Mshipi unanyooka, ndoano inatangulia mbele ya boya. Usipofanya hivyo vyote vinaanguka rundo moja na kujifunga.

Fungua waya wa rili, acha mshipi utoke, ukiudhibiti kwa ncha ya kidole cha shahada kwenye ukingo wa spuli. Mshipi ulio kati ya fimbo na boya uwe nyuma ya boya, umenyooka. Mkondo ukiupinda na kuutanguliza, unyanyue kwa fimbo na kuulaza upya juu ya mkondo, bila kulisogeza boya. Kisha zuia: kaza kidole kidogo, boya lichelewe, liende nusu hadi theluthi mbili ya kasi ya mapovu yaliyo pembeni yake. Utaona maji yanavimba kidogo mbele ya boya. Hapo ndipo chambo kinatangulia, na samaki anakutana na funza kabla ya kukutana na mshipi.

Lakini unapozuia, mshipi unalala mshazari na chambo kinapanda. Ndiyo maana kina ulichopima hakitoshi tena. Ongeza sentimita 10, na 20 ukizuia sana. Hili ndilo kosa namba moja tunaloliona: mtu kajifunza kuzuia, hajaongeza kina, anavua katikati ya maji siku nzima.

Mwisho wa njia, lishike boya kabisa kwa sekunde 5. Chambo kinainuka polepole kama mdudu anayepanda, na chabu wengi huchukua hapo.

Hatua ya 6: kushtua na kutoa

Boya likizama, likisimama ghafla au likikosa kutulia mahali linapotulia kila mara, inua fimbo kwa mkono mwepesi. Usivute kama unang'oa muhogo, mshipi ni ratili 2. Mlete samaki akipinga mkondo polepole, mtie kwenye wavu, lowanisha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute. Ndoano iliyoingia ndani itolewe kwa kijiti chake maalumu. Akiwa mkubwa, mshike ameelekea mkondo unakotoka hadi aondoke mwenyewe.

Nawa mikono kabla ya kula. Maji ya mito hii yana mkojo wa panya, na unaleta homa ya leptospira.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Leicester:* Mwalimu, shikamoo. Naruhusiwa kupeleka samaki nyumbani? Watoto wanauliza.

Marahaba. Sheria ya mito ya England inaruhusu kwa siku samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, rochi na chabu wakiwemo, na paiki (samaki mla samaki wenzake) 1 asiyezidi sentimita 65. Mkunga lazima arudishwe. Ila hayo ni endapo mwenye ukingo ameridhia, na vilabu vingi haviridhii kabisa. Soma kibali chako, kama kimekataza basi kimekataza. Rochi ana miiba mingi, kitoweo chake kidogo. Kwa watoto nunua sokoni.

*Mwanachama, Reading:* Boya langu linazama palepale kila safari, nashtua, hakuna kitu.

Kama ni palepale, ni ardhi. Kuna tuta au jiwe. Punguza kina sentimita 5 na upite tena. Likiendelea kuzama, shtua, maana sasa ni samaki. Usihame kwa sababu ya tuta: nyuma yake maji hupoa na rochi hupumzika hapo.

*Mwanachama, Nottingham:* Funza wangu wanarudi wamekuwa maganda matupu na sikuona boya likitikisika.

Umechelewa kwa kitu ambacho boya halikukuonyesha. Hamisha namba 8 ya chini kutoka sentimita 30 hadi 20 kutoka kwenye ndoano, na shusha ncha ya boya. Chomeka funza kwenye ngozi tu, upande mnene wenye vidoa viwili, abaki anachezacheza. Ukimpasua anakuwa ganda kabla ya samaki kufika.

*Mwanachama mwingine, Nottingham, anaongezea:* Kaka, angalia na upepo. Upepo ukivuma kutoka juu ya mkondo kwenda chini unausukuma mshipi mbele na boya la kijiti halizuiliki. Siku hiyo funga boya refu linaloshikwa chini tu, zamisha mshipi, uvue nalo. Upepo wa kupanda mto ndio rafiki wa kijiti.

*Mwanachama, Hereford:* Januari maji baridi sana, rochi kimya. Nikae nyumbani?

Hapana, mfuate chabu, yeye hula hata maji yakiwa nyuzi 4. Badilisha: ndoano namba 8, mshipi wa ratili 4 mpaka mwisho, boya linalobeba zaidi. Chambo ni sehemu laini ya ndani ya mkate mpya mweupe, kipande cha ukubwa wa sarafu ya pauni, kikunjwe kwenye shingo ya ndoano na kubanwa hapo tu, kingo zibaki laini. Lisha kidogo, tonge moja la mkate uliosagwa kila dakika 10. Kiasi cha kiangazi kitamshibisha mara moja.

*Mwanachama, London:* Dada yangu kaninunulia kitabu cha uvuvi cha Izaak Walton, The Compleat Angler. Kinafaa kujifunzia?

Kisome, lakini kwa jicho la mtu anayejua ni cha 1653. Mshipi wa siku zile ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, kwa hiyo usinakili vifaa vyake. Sehemu ya rafiki yake Charles Cotton, iliyoongezwa 1676, inahusu trauti kwa nzi wa bandia, haikuhusu kwa sasa. Kinachokufaa ni namna anavyomtazama samaki na chakula chake. Ameeleza hata jinsi ya kupata funza: ini la mnyama linatundikwa kwa kijiti juu ya pipa lenye udongo mkavu, funza wakinenepa wanadondoka na kujisafisha humo. Udongo wake ulifanya kazi ileile ya unga wa mahindi kwenye kopo lako. Ukikimaliza, tafuta kitabu cha mto chenye michoro ya mpangilio wa punje, na ukinunue cha mitumba. Mpangilio wa vifungo vya shati haujabadilika.