Kushona ovaroli ambayo fundi wa kuchomelea ataivaa kwa hiari

Kabla ya kukata kitambaa, nenda karakana ukamtazame fundi akichomelea geti, kwa kuwa katika joto la Dar es Salaam jasho ndilo linalomfanya aivue ovaroli mapema. Chagua kaki ya pamba tupu yenye uzito wa takriban gramu 300 kwa mita ya mraba, wala usivutwe na bei ya poliesta, maana cheche huiyeyusha ikaganda kwenye ngozi.

Mgongoni acha mwanya wa hewa uliofunikwa na kitambaa kinachoshuka kutoka mabegani. Kwapani ongeza kipande cha pembe nne, ili fundi anyooshe mikono juu bila suruali kumbana. Washonaji wengi hulipuuza jambo hili, ilhali kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama vazi litavaliwa au litabaki msumarini.

Mifuko ya mbele iwe na vifuniko, na suruali, isiyokunjwa pindo kwa nje, ifunike shingo ya buti. Mpe fundi mmoja aijaribu wiki nzima, kisha urekebishe palipombana kabla ya kuwashonea wenzake.