Somo: Mpangaji wa chumba katoroka na kodi, kaacha uharibifu. Fuata hatua hizi

Wakuu, naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nibandike kiungo nikalale. Linamhusu aliyempangisha mtu chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe. Aliyepangisha nyumba nzima ana sheria zake, mara nyingi kali zaidi, kwa hiyo asininukuu.

Hatua ya 1. Hakikisha kweli ameondoka. Mwandikie, mpigie yule aliyemtaja kuwa mtu wake wa dharura, mpe siku za kujibu. Aliyelazwa hospitali hajatoroka.

Hatua ya 2. USIFAGIE. Hapa ndipo madai mengi hufia, na msiniulize nimejuaje. Hasira ikipanda unataka chumba kioshwe jioni hiyohiyo, na ukishaosha umefuta ushahidi kwa mkono wako mwenyewe. Anza na video moja isiyokatwa: mlango, kuta zote, dari, sakafu, ndani ya kabati, nyuma ya mlango, umalizie kwenye mita ya umeme na ya maji, namba zisomeke. Kisha picha. Kila uharibifu upige mara mbili: ya mbali, ionekane ni sehemu gani ya chumba, na ya karibu ikiwa na rula pembeni. Ukipiga ya karibu peke yake umeonyesha tundu, hujaonyesha ni tundu la ukuta wa nani.

Faili halisi libaki kwenye simu, nakala ijitumie kwa barua pepe. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na zile taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani ya faili zinaondolewa. Vipande vilivyovunjika vitie kwenye mfuko, visitupwe. Harufu haipigwi picha, kwa hiyo mwite mtu asiye ndugu yako aingie, aandike alichoona na alichonusa, aweke tarehe na sahihi.

Huna picha za siku alipohamia? Tafuta tangazo ulilotumia kupangisha, risiti ya fundi rangi, chochote kinachoonyesha chumba kilikuwaje. Picha za baada bila picha za kabla ni nusu ya ushahidi, na nusu nyingine atajijazia yeye kwa maneno.

Hatua ya 3. Badili kitasa. Baada ya hatua ya 1, siyo kabla.

Hatua ya 4. Vitu alivyoacha. Deni halikufanyi mmiliki wa nguo zake. Nchi nyingi haziruhusu mwenye nyumba kuuza mali ya mpangaji kufidia kodi bila kupita njia ya sheria, na ukiuza unaweza kugeuka mdaiwa. Orodhesha, piga picha, funga kwenye maboksi, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho ya kuchukua. Vyeti, pasipoti na dawa viweke kando. Kinachooza piga picha, tupa.

Hatua ya 5. Hesabu, karatasi mbili. Ya kwanza kodi: miezi aliyoruka, pamoja na siku za mwezi wa mwisho. Akiwa amekaa siku 12 katika mwezi wa siku 30, ni kodi ya mwezi mara 12 gawanya kwa 30, isipokuwa mkataba unamtaka alipie na muda wa notisi. Ya pili uharibifu, kila kitu na risiti yake au makadirio ya fundi.

Sasa hapa watu hujiharibia kwa tamaa. Uchakavu wa kawaida haudaiwi: rangi iliyopauka, zulia lililolala pale panapokanyagwa kila siku, bawaba iliyolegea. Na kilichoharibiwa hudaiwi bei ya kipya. Godoro la kudumu miaka 8, umeshalitumia 6, yeye kaliunguza: dai robo. Ukidai jipya, anayesikiliza shauri ataanza kutilia shaka hata madai yako ya kweli.

Jumlisha karatasi zote mbili, punguza dipoziti aliyoweka alipohamia, andika kilichobaki. Dipoziti lazima ionekane imepunguzwa kwenye deni, hata kama haikufika popote.

Hatua ya 6. Barua ya madai. Kiasi, mchanganuo, nakala za picha, namna ya kulipa, siku 14 za kujibu. Bila matusi, bila "utanitambua". Iandike ukijua hakimu ndiye atakayeisoma.

Hatua ya 7. Mahakama, ile ya madai madogo kama ipo kwenu. Kabla ya kulipa ada jiulize: huyu mtu anapatikana wapi, na ana kipato au mali? Hukumu siyo fedha. Ukimshinda asiye na kitu, una karatasi ya kutundika.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

kwetu_juu: Ndefu hii mkuu. Kwa kifupi nianze na nini?

Mwandishi: Hatua ya 1. Ndiyo maana imeitwa ya 1.

Bosi_Mtulivu: Nimeshauza TV yake na spika. Bado ananidai yeye au namdai mimi?

Mwandishi: Hatua ya 4. Sasa mnadaiana. Andika uliuza lini, kwa nani, kwa bei gani, hiyo fedha itolewe kwenye deni lake, kisha muone wakili kabla hujamtumia barua yoyote.

Bosi_Mtulivu: Kwa hiyo unamtetea mwizi?

Mwandishi: Namtetea Bosi Mtulivu, ila hataki.

chausiku: Nikiweka picha yake na kitambulisho mtandaoni ili wengine wajihadhari?

Mwandishi: Usithubutu. Kitambulisho ni taarifa binafsi, na neno moja usiloweza kulithibitisha linakupeleka kwenye kesi ya kashfa. Deni lake litabaki palepale.

mama_wawili: Samahani, swali langu refu kidogo. Ukuta wa chumba una ukungu mweusi. Yeye alisema ni nyumba mbovu, mimi nasema hakuwa akifungua dirisha. Tunajuaje?

Mwandishi: Dada, wote wangeuliza kama wewe ningepumzika. Angalia ukungu umekaa wapi. Ukipanda kutoka chini ukiacha alama kama ya maji yaliyokauka, au ukizunguka sehemu moja karibu na bomba, shuku unyevu wa ardhini au mvujo, na huo ni wako. Ukiwa kwenye kona za juu, nyuma ya kabati, kwenye ukuta wa nje ulio baridi, mara nyingi ni mvuke wa ndani uliokosa pa kutokea: kuanika nguo chumbani, kupika, kujifungia. Lakini jaribu dirisha. Kama halifunguki vizuri, hoja yako inakufa hapo. Na je, aliwahi kukuandikia kulalamika? Alilalamika ukanyamaza, ukungu huo unaweza kuhesabiwa wako hata ukiwa wa mvuke.

mama_wawili: Aliandika mara moja. Sikujibu.

Mwandishi: Basi uache ukungu, dai kodi. Utaonekana mkweli, na kodi ndiyo kubwa.

Ndugu_Mpole: Mimi wangu ameomba alipe kidogokidogo. Nikubali?

Mwandishi: Kubali, ila kwa maandishi: deni lote ni kiasi gani, atalipa lini, sahihi yake. Kuna faida wengi hawaijui. Madai ya deni yana ukomo wa muda, na katika nchi nyingi malipo ya sehemu au kukiri deni kwa maandishi huanzisha ule muda upya. Kila anapolipa, mpe risiti yenye salio.

Ndugu_Mpole: Hili sikulijua kabisa. Asante.

kwetu_juu: Sinki lilikuwa na ufa kabla, yeye kalipasua lote. Namdai lote?

Mwandishi: Umeona, ukisoma unauliza vizuri. Dai thamani ya sinki lenye ufa, siyo zima. Mwombe fundi aandike kama lile la zamani lingeendelea kutumika.

FundiBrashi: Niongeze la kwangu. Chumba kilichovutwa sigara msikimbilie kupaka. Ule unjano unapenya rangi ya maji hata upake mikono mitatu. Osha ukuta, ukauke, paka praima ya kuzuia madoa, ndipo rangi.

chausiku: Na hiyo praima nayo anadaiwa?

Mwandishi: Kama mkataba ulikataza kuvuta ndani, ndiyo, leta risiti. Kama ulikaa kimya, jiandae kubishana.

FundiBrashi: Na dari msiisahau. Huwa ndiyo imekula moshi kuliko kuta.