Somo: Ipitie siku yako kabla hujatoka kazini

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi wetu hufanya kazi mpaka dakika ya mwisho, tunabeba begi, tunaondoka. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard walieleza habari za wafanyakazi waliokuwa mafunzoni katika kampuni moja nchini India. Waliotumia dakika 15 za mwisho wa siku kuandika walichojifunza, kwa siku 10, walipata alama za juu kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao walioendelea na kazi.

1. Acha kazi dakika 15 kabla ya kutoka. Weka simu mbali, chukua daftari.

2. Andika ulichokamilisha. Mistari miwili mitatu yatosha.

3. Chagua jambo moja tu lililokwama, ujiulize kwa nini. Hapa ndipo penye kazi. Kwa muda mrefu niliandika "Ripoti haijaisha, kesho nijitahidi", na kesho yake hali ikawa ileile. Siku moja nikaandika: "Nilisubiri hesabu za mhasibu hadi saa nane, na asubuhi sikumkumbusha." Basi, dawa nikaiona palepale. Usiinue kalamu mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukifanya wewe mwenyewe.

4. Andika kazi ya kwanza ya kesho, pamoja na saa. Si "ripoti", bali "saa mbili na nusu nimpigie mhasibu". Wanasaikolojia Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba ukishakipangia kiporo namna ya kukimaliza, hakikusumbui sana akilini. Nyumbani utapumzika kweli.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi natoka zamu ya usiku nimechoka hoi. Nifanyeje?*
Pole sana. Fanya hatua ya nne peke yake. Hata kujirekodi sauti kwenye simu inafaa.

*Bosi hataona nakwepa kazi?*
Mweleze kabla hujaanza, kisha anza na dakika tano. Asubuhi mwonyeshe ulichopanga.

*Nikiandika makosa yangu kila siku navunjika moyo.*
Nakuelewa, dada. Ndiyo maana tunaanza na yaliyokamilika, tena usiyaruke. Halafu andika tukio, usijihukumu: "sikumkumbusha mhasibu" linarekebishika kesho asubuhi, "mimi mzembe" utalirekebishia wapi?