VA Imekataa Dai Lako la Ulemavu: Tafuta Figa Lililokosekana

Kabla hujagusa fomu yoyote ya rufaa, isome barua ya uamuzi mpaka mstari wa mwisho. VA, wizara ya Marekani inayoshughulikia wanajeshi wastaafu, hutaka dai likae juu ya mafiga matatu: ugonjwa ulio nao sasa na uliothibitishwa na daktari, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Barua huorodhesha yaliyokubaliwa. Figa lisiloonekana hapo ndilo la kutafuta, na mara nyingi ni lile la tatu.

Una mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoipokea. Ukichelewa, bado unaweza kurudi na ushahidi mpya, lakini malimbikizo ya malipo hayatahesabiwa tena tangu dai la kwanza, na hizo huwa pesa nyingi.

Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Fomu 20-0996 humpa mkaguzi wa ngazi ya juu faili lile lile. Hapokei karatasi mpya hata moja. Hapa ndipo watu hujikwaa: barua ya daktari hawana, wanaomba ukaguzi, wanakataliwa kwa sababu ile ile. Itumie pale tu ushahidi ulipokuwamo ukarukwa, na uombe mazungumzo ya simu ili umtajie mkaguzi tarehe na ukurasa. Fomu 20-0995 ni ya ushahidi mpya unaohusu dai. Fomu 10182 hupeleka shauri kwa majaji wa Bodi ya Rufaa. Foleni yake ni ndefu, hasa ukitaka kusikilizwa mbele ya jaji.

Kabla hujamlipa daktari, angalia sheria ya PACT ya 2022, inayohusu waliokumbwa na sumu jeshini. Shinikizo la damu kwa aliyekumbwa na Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyotumika vita vya Vietnam, kwa mfano, figa la tatu sheria yenyewe imeshampa.

Kama sheria hiyo haikuhusu, omba nakala ya faili lako kwa fomu 20-10206, daktari asome taarifa ya uchunguzi wa VA. Tuseme ulihudumu kwenye mizinga miaka 4, sasa husikii vizuri, na mchunguzi ameandika kuwa siku ya kuondoka jeshini masikio yalikuwa mazima. Barua ya daktari wako ijibu hoja hiyo hiyo: amesoma rekodi za utumishi, anaeleza kelele inavyodhuru sikio la ndani, na kwa maoni yake uwezekano kwamba utumishi ndio chanzo ni angalau asilimia 50. Akiishia kuandika “huenda”, barua imekufa. Uhakika kamili hautakiwi. Mizani ikilingana, anayepewa ni mdai.

Rekodi nyingi za jeshi la nchi kavu ziliungua kwenye ghala la kumbukumbu la St. Louis mwaka 1973. Kama zako zilikuwamo, mwenzako wa kikosi aandike alichokiona kwenye fomu 21-10210: mahali, mwezi, kilichotokea. Sifa za tabia yako hazisaidii.

Wawakilishi wa vyama vya wanajeshi wastaafu hawatozi kitu. Wakili hukata sehemu ya malimbikizo, kwa kawaida asilimia 20; hakikisha ana kibali cha VA kabla hujasaini.